Magugu ya Kusingizia

Boti ya wagonjwa ilijikokota, ingawa injini ilinguruma sawasawa. Fundi Nyamizi aliizima, akapapasa chujio la kuvutia maji. Halikuwa na gugu hata moja. Hata panga la kusukumia maji lilikuwa zima. Aliposoma kioo cha kompyuta ya boti, kilionyesha: “Hakuna hitilafu. Nafasi ya mgonjwa kupona: asilimia nne. Mwendo umepunguzwa kisheria.”

Sheria hiyo aliizoea. Hakuwahi kuisoma huku mama yake akiwa kwenye machela.

“Nyamizi, limekufa hilo dude lako?”

“Halijafa, mama. Ni magugu tu. Nikiyatoa tutaruka.”

“Yatoe basi, mwanangu. Nakusubiri.”

Aliiwasha injini tena. Boti ikatambaa. Nyamizi akachukua bisibisi, akawa anakwangua ukingo wa boti kwa nguvu, ili mama asikie kazi inaendelea.