Gunia Limevaa Kilemba

Gasto aliichomoa kanda kwenye redio kabla hata haijaacha kuzunguka.

"Taratibu, utaikata!" Mansuri alifoka.

"Nani anaimba humu?"

"Sijui. Tazama mwenyewe."

Gasto aliigeuza. Haikuwa na picha ya mtu aliyevaa miwani ya jua, wala jina. Kanda nyeupe, tupu. Kibanda cha Mansuri pale njia panda ya Mkiwa kilijaa nyimbo za watu wanaolilia mapenzi. Ukizisikiliza tangu asubuhi utadhani nchi nzima haina tatizo lingine. Halafu leo, katikati ya vilio hivyo, zeze. Zeze, na debe lililopigwa kwa hasira, na mwanamume mwenye sauti ya mikwaruzo:

*Gunia limevaa kilemba, mkulima kichwa wazi.*

Mkiwa yote ilikijua kilemba hicho. Tangu ushirika ufe na soko liwe huria, uhuru wenyewe ulikuwa wa wanunuzi. Unajaza gunia la vitunguu mpaka mdomoni, mnunuzi anasema bado. Unarundika juu, unashona kwa kamba, linaota kilemba. Likishavimba kama mama wa miezi tisa, linahesabiwa gunia moja. Wao huita lumbesa. Gasto aliita wizi.

"Kaileta nani?"

"Jamaa mmoja mpita njia. Kaniachia boksi zima, kasema nizigawe bure. Hata jina hakutaja."

"Unaona?" Macho ya Gasto yalikuwa yamewiva. "Msanii wa kweli hatafuti sifa. Hawa wengine wanaimba ili wapendwe. Huyu anaimba kwa sababu kakasirika!"

"Wewe hesabu ulipata sifuri, leo unanifundisha muziki," Mansuri alisema. Lakini aliirudisha kanda mwanzo, akaongeza sauti.

Wimbo uliisha kwa namna yake. Mwimbaji aliuliza, "Je, tutamuuzia?" Kikafuata kimya, kisha honi ya lori: *paa-pa-pa-paaa!* Honi ya dharau hasa, kama ya kumfukuza mnunuzi barabarani. Hakuna aliyewahi kusikia wimbo wenye honi. Wiki haikwisha kabla watoto wa Mkiwa hawajaanza kuiitikia kwa pamoja: "Hatuuziii!"

Mnunuzi wao, Mselemu, alipokuja na lori lake kutoka Singida mjini, Gasto hata shikamoo hakumpa. Aliweka redio juu ya rundo la vitunguu vya mama yake, akafungulia mpaka spika ikatetemeka.

"Gunia bapa, bila kilemba, au urudi mtupu."

Mselemu alisikiliza mpaka mwisho, honi na yote.

"Huyo anayeimba," aliuliza, "ndiye atakayevinunua?"

"Nenda zako, mnyonyaji!"

"Mama Gasto, na wewe unasemaje?"

Theodora alivitazama vitunguu vyake. Hivyo ndivyo vilivyokuwa shule ya Eliana, mdogo wake Gasto, aliyechaguliwa kidato cha kwanza na hakuwa hata na sanduku. Akamtazama mwanawe.

"Kama alivyosema kijana," alijibu kwa shida.

Siku hiyo hakuna aliyeshona gunia. Mselemu alipanda lori lake tupu, wakamsindikiza kwa wimbo. Gasto aliimba mpaka sauti ikakauka. Mikutano mingapi walikaa, na malalamiko mangapi walipeleka? Leo zeze na debe tu!

Mselemu hakurudi. Kilichokuja ni mvua. Vitunguu vikaanza kulainika chini ya nyasi walizovifunikia, kisha vikaota, kisha vikanuka. Theodora alivichambua kila asubuhi, na kilichooza alikitupa karibu kabisa na mguu wa Gasto.

"Sasa mama, unataka tuendelee kuibiwa?"

"Nataka mwanangu asome. Mwambie mwimbaji wako aje avile hivi."

Ndipo lilipoingia lori la bluu, polepole, bila makelele. Akashuka kijana mpole, kofia mkononi.

"Shikamooni, wazee wangu. Poleni jamani. Nimesikia mliyofanyiwa. Huyo Mselemu hana utu kabisa."

Watu nusura wamkumbatie. Alipita rundo kwa rundo akinusa, akitikisa kichwa kwa huruma. Kisha akataja bei. Ilikuwa nusu ya ile ya Mselemu.

"Hali ya vitunguu mnaiona wenyewe," alisema. "Mwingine asingesimama hata kidogo. Na vilemba viwe viwili viwili, mama zangu, maana vingine vitaozea njiani."

Gasto aliruka mbele. "Hapana! Gunia bapa!"

"Sawa, kaka. Silazimishi mtu. Si soko huria?" Kijana alishika mlango wa lori lake.

Theodora alikuwa ameshatia kamba kwenye shazia, ile sindano kubwa ya magunia.

"Shika gunia, Gasto."

"Mama..."

"Nimesema shika gunia."

Alishika. Alivishindilia vitunguu kwa ngumi, moja baada ya nyingine, kama vile ndani ya gunia kuna shingo ya Mselemu. Yeye ndiye aliyewasusa mpaka vitunguu vikaoza! Kilemba cha kwanza kikapanda, kikashonwa, cha pili kikapanda juu yake. Machozi yalimtoka, akasingizia vitunguu.

"Yule mwimbaji angekuwepo," alimnong'oneza Mansuri, aliyekuja kusaidia kupakia, "angetunga na huu."

Lori liliondoka limejaa mpaka linayumba, likielekea Manyoni. Lilipofika njia panda, yule kijana alitoa mkono dirishani, akawaaga kwa honi, mlio uleule wa kwenye kanda.

*Paa-pa-pa-paaa!*

"Hatuuziii!" watoto wa Mkiwa waliitikia.