Ngedere Alipoliwasha Daraja

Wanyama walimpa Ngedere kazi ya kuliwekea daraja taa, ili mitumbwi ipite mtoni salama giza likiingia. Ngedere mpenda sifa akawapanga vimulimuli wote juu kabisa, daraja likameremeta kama bibi harusi.

"Bwana Ngedere, mimi napita chini," alilalamika Fisimaji, nahodha wa mtumbwi. "Niwekee mmoja mmoja kwenye nguzo, karibu na maji."

"Huko chini nani atawaona?" Ngedere alicheka. "Hebu nipakie, nikalitazame daraja langu!"

Wakateremka na mkondo. Ngedere alirukaruka mbele ya mtumbwi akipiga makofi. "Lione! Lione linavyowaka!"

Mara makofi yakakoma. Juu kulimetameta, maji nayo yakametameta, lakini katikati palikuwa na giza totoro.

"Fisimaji, nguzo ziko wapi?"

"Nikuulize wewe, fundi taa!"

Mkondo ukawavuta kwa kasi.

"Zimeni!" Ngedere alipiga yowe. "Zimeni zote! Wawili washuke kwenye nguzo, upesi!"

Daraja likazimika. Vimulimuli wawili wakashuka, mmoja kila nguzo, na njia ikaonekana wazi. Fisimaji akakaza kasia, mtumbwi ukapenya katikati, nguzo ikamchubua Ngedere mkia.

Ukingoni mwa mto wanyama walikuwa wakizomea. "Ngedere! Mbona umetuzimia daraja letu zuri?"

Ngedere aliushika mkia wake uliochubuka, ukimuuma.

"Anayetaka liwake tena," alisema, "apande mtumbwi, nimwashie."