Harusi ya Mapumziko

Televisheni ndiyo iliyopanga saa za mechi za vyuo vikuu, na saa za chochote kilichogongana nazo. Tumpe Mwakalobo alilijua hilo, ila hakudhani lingemfika. Baba yao alishafariki, hivyo kaka yake Ambilikile, kipa wa timu ya chuo, ndiye angemkabidhi kwa bwana harusi kanisani Tukuyu, Jumamosi mchana.

Alhamisi ikalia simu kutoka kituo cha televisheni. Mechi ya Ambilikile ya Jumapili imesogezwa hadi Jumamosi, mchana uleule.

"Wageni wako njiani!" Tumpe aliifokea sauti ya mashine.

"Pole sana, dada," sauti ilijibu kwa upole. "Harusi yako nayo tumeisogeza. Itafungwa uwanjani Mbeya, wakati wa mapumziko."

Mama alisonya. Mchungaji akasema hana la kufanya, ameshaambiwa asifungue kanisa.

Mashabiki waliojipanga kwa Jumapili hawakufika, kwa hiyo majukwaani walikaa wageni wa harusi. Tumpe alisimama katikati ya uwanja, visigino vikizama kwenye nyasi, Ambilikile kamshika mkono kwa glavu zenye matope. Alipotamka "Nakubali," tangazo la sabuni likaingia hewani, likamkatiza. Mwongozaji wa matangazo akamwomba arudie. Akarudia, machozi ya hasira yakimtoka.

"Hayo machozi ni mazuri," mwongozaji akasema. "Mara nyingine tena, dada, ila tazama kamera."

Tumpe alimgeukia mumewe ili amtetee. Mumewe alikuwa ameshaielekea kamera, akitabasamu.