Kicheche na Mafuta ya Ngedere

Enzi wanyama walipokuwa bado wanaoga kwa sabuni, fundi wa kuipika alikuwa Kicheche, ingawa mwenyewe alinuka. Mafuta ya mawese aliyanunua kwa Ngedere, debe kwa kapu la karanga. Siku moja Ngedere akadai makapu matatu.

"Kaka, sabuni ya debe zima hainipi hata mawili! Nitafunga kiwanda."

"Funga basi, tuone nani ataumia."

Kicheche akarudi na debe tupu. Njiani akamkuta Mnana, mshona magodoro, akimwaga mbegu za sufi jalalani. Akaziomba, akazikamua mafuta, akayapika sabuni kwa maji ya majivu. Povu hilo, lilimfunika mpaka masikio!

Mwezi haukuisha, Ngedere akabisha hodi, mafuta yamemchachia bila mnunuzi. "Mheshimiwa, basi nusu kapu."

"Lete, ila Ijumaa," Kicheche akajibu, akipumua kama aliyetua gunia. "Leo nakamua mbegu za bure."