Kanga Kavu

“Pale kwenye nguzo ya njano, kila mmoja lazima ajipindue na mtumbwi wake, azame, aibuke,” Mhando alimwambia mama yake kabla ya kuingia kwenye mtumbwi wake. “Ndiyo sheria ya mashindano, mama. Usiogope.”

Mitumbwi minne ikadondoka mtoni kwa pamoja kutoka kwenye jukwaa la kuanzia. Penye nguzo, wanaume wote wanne wakazama. Umati wa mataifa ukanyoosha shingo. Mto ukabaki bila mtu, matumbo manne tu ya mitumbwi yakimeremeta.

Bi Tunu, mama yake Mhando, alijikuta amesimama, ameikunjua kanga kavu aliyomletea mwanawe. Mama mgeni aliyekaa kando yake, naye mwanawe akiwa mle majini, akashika pindo la pili.

Vikaibuka vichwa vitatu. Povu lilizificha nyuso, na hakuna kati ya mama hao wawili aliyeiachia kanga.