Chupa ya Kumi na Saba

Jiwe la kwanza lilirushwa na mzee wa kanisa. Lilimpata Mzee Gidioni shavuni, akayumba, akashika nguzo ya geti lake asianguke.

Watu wa kijiji kile cha Masama ni wapole jamani. Jumapili wanaimba kwaya ya sauti nne mpaka mgeni anatoa machozi. Jumanne ile mchana sauti ilikuwa moja tu: "Muuaji!" Walishaifyeka mibuni yake mistari miwili, na banda la majani lilikuwa linaungua.

Mbele yao alisimama Godwin, panga mkononi. Mwezi huo ng'ombe wake wawili wa maziwa walikufa wakitoka povu, na wengine watatu kwa majirani. Wote walinyweshwa mfongo mmoja, mfereji wa mababu unaoanzia juu, kwenye kihamba cha Gidioni, shamba la ukoo lililozunguka nyumba yake, na kushuka hadi mtoni ukipita mageti ya nyumba kumi na saba.

Jina la Gidioni walipewa na Gladys, dada yake Godwin, mpimaji katika maabara ya afya ya mazingira ya chuo kimoja mjini Moshi. Jumatatu, mwenzake Hosea alipanda Masama kuchota maji ya mfongo, geti kwa geti, kutoka chini kwenda juu. Jumanne asubuhi Gladys alikuta chupa kumi na saba mezani kwake. Hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu. Ndiyo sheria ya mkuu wao, Dokta Elisaria: mpimaji asijue anapima maji ya nani. Orodha inakaa kwenye bahasha, ndani ya droo ya Dokta, hadi siku ya kusaini majibu.

Chupa kumi na sita zilikuwa safi. Ya mwisho, namba kumi na saba, ilifanya mstari wa mashine upande juu kama kilele cha Kibo. Ilikuwa sumu ya kupulizia mibuni, ya kutosha kuua fahali.

Bahasha ya nini tena? Gladys amezaliwa kwenye mfongo ule. Alihesabu mageti kuanzia mtoni, akarudia, na mara zote mbili akaishia kwa Gidioni, mzee aliyejulikana kwa kugombania zamu ya maji na kuoshea bomba lake la dawa mferejini. Mbona basi maji ya chini yalikuwa safi? Aliosha Jumatatu hiyohiyo, Hosea akiwa anachota, alijijibu, sumu ilikuwa haijateremka. Mama yake mzazi anakunywa maji yale. Damu nzito, akampigia Godwin.

"Waambie wasinywe," alisema. Hakusema wapige mtu. Nusu saa baadaye alipiga tena, akasikia kelele, akavua koti jeupe na kurukia bodaboda.

Alimkuta Gidioni amepiga magoti, jicho moja limezibwa na damu.

"Mwacheni! Apelekwe polisi!"

Mzee aliitambua sauti. "Gladys, mwanangu, wewe umesoma, waambie. Jana nilikuwa Chekereni kwenye mpunga tangu alfajiri. Geti nilifunga kufuli. Huyo kijana wenu wa chupa aliingilia wapi?"

"Anageuza maneno!" mtu alipayuka.

Godwin alimgeukia dada yake. "Dada, nijibu moja tu. Mashine imesema ni yeye, au haijasema?"

Gladys alimwona mama yake pembeni, ameshika ndoo tupu. Alichemka kwa hasira.

"Imesema," alijibu.

Gidioni akanyoosha mkono kwenye ua, akachuma jani la isale na kumwinulia Godwin kwa mikono miwili. Kule mlimani, ukionyeshwa isale unasamehe, hata kama umeuliwa ndugu. Lakini anayetoa isale ni yule mwenye kosa.

"Mmeona?" Godwin alinguruma. "Amekiri!"

Panga lilishuka mara moja. Jani na vidole vikaanguka pamoja mferejini. Baada ya hapo kila mmoja alitaka zamu yake, kwa mawe, kwa majembe, kwa mipini. Gladys alijilaza juu ya mzee akilia kwamba inatosha. Wakamvuta kwa nywele wakamtupa migombani. Aliporudi akitambaa, fuvu la Gidioni lilikuwa limepasuka, na mfongo ulikuwa unashuka mwekundu, geti kwa geti.

Jumatano asubuhi Godwin alikuwa mahabusu. Gladys alisimama mlangoni kwa Dokta na karatasi ya majibu, damu ingali chini ya kucha ingawa alizisugua kwa brashi ya maabara. Alibakiwa na karatasi ile tu. Ikisainiwa, angalau ijulikane kwamba waliyemuua alikuwa na hatia.

"Shikamoo Dokta. Naomba sahihi."

"Marahaba. Mbona macho mekundu hivyo?" Dokta Elisaria alikuwa ameshinda kwenye semina Arusha jana tangu alfajiri, na alikuwa hajasikia lolote. Alifungua droo, akachana bahasha, akapitisha kidole kwenye orodha na kwenye karatasi ya Gladys, namba kwa namba, hadi chini kabisa. Kisha akacheka kwa furaha.

"Nilijua hutaniangusha! Hosea alileta kumi na sita tu, geti la mwisho alikuta kufuli. Hii ya kumi na saba ni maji ya hapahapa chuoni. Sumu nilitia mwenyewe, nikaichomeka kati ya zako kimyakimya nione kama utaikamata. Umeikamata, Gladys. Hongera sana."