Kisahani cha Kitanda cha Saba

"Tunu, tupa hicho kisahani," alisema Bwana Mkwizu, mkuu wa maabara. "Huo ni uchafu wa ngozi tu."

Tunu hakukitupa. Alikwenda kuikalia ndoo ya taka, kisahani mkononi, kama bibi harusi aliyegoma kushuka garini. Ndani ya kisahani hicho cha kuoteshea vijidudu, damu ya Mama Nangale wa kitanda cha saba, mgonjwa wa sukari aliyeungua kwa homa siku kumi, ilikuwa imeotesha vidoa vya kijivu ambavyo pale hakuna aliyewahi kuviona. Na desturi ya maabara ile ilikuwa moja: kisichojulikana jina kiliitwa uchafu.

"Uchafu gani, bosi, unaota kwenye damu ya mkono wa kulia, na ya mkono wa kushoto pia? Ulipanda basi?"

"Wewe binti, inuka!"

"Siinuki. Dawa anayopewa haimgusi mdudu huyu, nimeijaribu. Kwenye damu yenye sukari hata mdudu mpole huota pembe. Nipe siku moja nimtafutie jina."

"Na mgonjwa anayo hiyo siku?"

"Hana. Ndiyo maana nataka uwapigie wodini wampe dawa nyingine niliyoijaribu, iliyomuua mdudu huyu kisahanini. Wakiuliza nani kasema, waambie ni yule mkorofi."

Mkwizu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akanyoosha mkono. Tunu akakikumbatia kisahani, lakini mkono ulimpita, ukainua simu.

Simu ya wodini ikawa inaita, inaita, na Tunu bado yuko juu ya ndoo.